Vifaa bora peke yake havifanyi mfumo bora

Kaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, uwasikilize watu: mradi mkubwa ukikwama, basi walinunua vifaa feki. Wangechukua kilicho bora kila upande, mambo yangekwenda. Imani hii ni ya siku nyingi, na ina ukweli kidogo tu.

Chukua mfano wa maji ya Ziwa Victoria yanayosukumwa kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga. Kwenye mradi wowote wa namna hiyo, umeme ukikatika ghafla pampu husimama, lakini maji yaliyomo bombani hayasimami. Hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho huweza kupasua bomba. Pampu nzima, bomba la daraja la kwanza! Kinachoweza kukosekana ni tangi la kupoza msukumo, ikiwa mkataba wa pampu haukulitaja, na wa mabomba nao ukanyamaza.

Wakubwa nao hunaswa. Septemba 1999 Marekani ilipoteza Mars Climate Orbiter, chombo cha anga kilichotumwa sayari ya Mars: programu moja ya kompyuta ilitoa hesabu za nguvu kwa kipimo cha pauni, nyingine ikazisoma kama nyutoni. Tatizo halikuwa kifaa kibovu.

Kwa hiyo mnunuzi mzoefu huandika mambo ya maungio, yaani pale kifaa kimoja kinapokutana na kingine, kabla ya kutangaza zabuni: nani anampa nani nini, kwa kipimo gani, na nani atajaribu vyote vikiwa vimeunganishwa. Jaribio hilo la pamoja mimi ningelilinda kuliko yote, maana bajeti ikibana, ndilo hukatwa kwanza.