Je, wajua kwa nini ubao ulionyooka dukani hupinda ukifika nyumbani?

Mwaka juzi nilinunua mbao nne za mbili kwa nne, futi 12 kila moja, za fremu za madirisha. Nilifanya kama kila mtu: nikainua ncha ya ubao, nikafumba jicho moja, nikachungulia ukingo wote. Zote zimenyooka kama uzi. Wiki tatu baadaye, zikiwa zimeegemea ukuta wa uani, mbili zilikuwa zimepiga upinde. Nyingine ilikuwa imejisokota, ukiilaza sakafuni inacheza kama meza yenye mguu mfupi.

Samaki mkunje angali mbichi, lakini ubao hujikunja wenyewe ukikauka. Maji yaliyo kwenye matundu ya mbao hutoka kwanza, na hapo ubao hupungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, ndipo maji yaliyoshikwa na nyuzi zenyewe huanza kutoka, na mbao husinyaa. Shida ni kwamba haisinyai sawasawa. Hata mtiki, unaosifika kwa utulivu, ukitoka ubichi hadi ukavu kabisa hupungua kama asilimia 5.8 ukifuata mzunguko wa pete za ukuaji, lakini kama 2.5 tu ukipima kutoka moyoni kwenda kwenye ganda. Kwa urefu, karibu hakuna kitu.

Kwa hiyo kabla ya kuchungulia ukingo, tazama kichwa cha ubao, pale palipokatwa. Pete zikiwa zimelala kama mwezi mwandamo, ubao utabinuka kingo zake, kana kwamba pete zinataka kunyooka. Zikisimama wima kutoka uso mmoja hadi wa pili, chukua. Ukiona kile kidoa cha moyo wa mti, achana nao hata ukipunguziwa bei. Mbao ya karibu na moyo iliota mti ukiwa mchanga, nayo husinyaa hata kwa urefu. Upande mmoja ukifupika kuliko wa pili, ubao utafanya nini kama si kupinda? Ndiyo maana paini iliyokatwa mapema husumbua: gogo ni jembamba, kila ubao umegusa moyo.

Kujisokota ni habari nyingine. Miti mingine huota nyuzi zikizunguka shina kama kamba. Fuata nyufa ndogo usoni mwa ubao. Zikienda mshazari badala ya kufuata urefu, rudisha.

Ukikosa ubao wa pete wima, nunua mpana, mbili kwa kumi uliopita katikati ya gogo. Pasua utepe wa katikati wenye moyo, uutupe. Vipande viwili vya pembeni vitakuwa na pete zilizosimama.

Kuhusu ukavu, muuzaji atakwambia "hii kavu kabisa, bosi". Mimi siku hizi hukata kipande kidogo, mbali na ncha kwa sababu ncha hukauka mapema, nikakipima kwa mizani ya jikoni kisha nikakiweka kwenye oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi hadi uzito ugome kushuka. Kikianza na gramu 60 kikaishia 48, maji yalikuwa gramu 12, yaani asilimia 25 ya 48. Huo ni ubichi. Panga mbao kivulini, papi (vipande vyembamba vya mbao) katikati ya kila safu, mawe juu, ndipo upige randa baadaye. Na ubao uliotulia kwenye hewa nzito ya Dar es Salaam utasinyaa tena ukiupeleka Dodoma.

Zile zangu zilizopiga upinde sikuzichoma. Upinde wa milimita 32 kwenye futi 12 hubaki milimita 2 tu kwenye kipande cha futi 3, kwa sababu urefu ukigawanywa kwa 4, upinde hugawanyika kwa 16. Nilizikatakata, zikawa fremu ya dirisha la choo.