Mfaa ni nini?

Ukisimama mbele ya mlango wa nakshi Mji Mkongwe, Unguja, macho hukimbilia juu kwenye kizingiti, au kwenye misumari ya shaba. Mfaa ni kipande cha mti kilicho katikati, wima, pale pande mbili za mlango zinapokutana, na wengi hudhani ni nguzo iliyosimama peke yake. Sivyo. Umegongomewa upande mmoja, na upande huo ukifunguliwa mfaa huenda nao.

Milango hii hufunguka kwa ndani. Mfaa uko nje, na upana wake umepita ukingo wa ule upande ulioubeba hata ukalalia kidogo upande wa pili. Hapo ndipo kazi yake ilipo: huziba mwanya usipitishe mvua, upepo wala jicho la mpita njia. Tena huamua mpango wa kufungua. Upande usio na mfaa hufunguliwa kwanza. Ukianza na wenye mfaa hausogei, maana mwenzake ameuzuia. Kufunga ni kinyume chake.

Vipande vingine ni miimo miwili ya pembeni, na vizingiti, cha juu na cha chini. Kizingiti cha juu kilichonyooka ni mtindo wa zamani zaidi. Kile cha upinde kilikuja baadaye kwa mkono wa Kihindi. Kwenye miimo utaona mnyororo, mawimbi, na chini kabisa samaki, ambaye watu humsoma kuwa ni kizazi.

Nakshi hizi hazibandikwi. Fundi huzichonga kwa patasi ndani ya mti wenyewe, kwa hiyo kila ua linalotokeza limebaki baada ya mbao iliyolizunguka kuondolewa. Ndiyo maana mfaa uliooza ni hasara kubwa. Nao huanza kuoza chini, kwa maji ya mvua yanayoruka kutoka njiani. Siku hizi nasikia hata mafundi wakiuita "ile mbao ya kati", na inaniuma, kwa sababu mbao ya kati mtu huing'oa akapiga nyingine tupu, bila ua hata moja.

Kwa bibi yangu, Malindi, mlango ulifungwa kila magharibi. Sisi watoto tuliusukuma ovyo, pande zikagongana. Bibi akiita kutoka ukumbini: "Mwanzo mfaa, wanangu! Mwanzo mfaa!"