Malalamiko ya ubaguzi chuoni: si lazima uwe na shahidi

Wanafunzi wengi huambiana kwamba bila shahidi au sauti iliyorekodiwa, malalamiko ya ubaguzi hayafiki popote. Si kweli. Kuthibitisha ni kazi ya uchunguzi. Anayelalamika anatakiwa kueleza kilichotokea kiasi cha kuweza kuchunguzwa. Tena, shauri la nidhamu chuoni si kesi ya jinai: kwa kawaida huamuliwa kwa kupima upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli.

Kinachoangusha malalamiko mara nyingi ni maelezo ya jumla. “Mhadhiri ananichukia kwa sababu ya dini yangu” haimpi mchunguzi pa kuanzia. Andika tarehe, mahali, maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, na waliokuwepo. Kisha, na hapa ndipo wengi huteleza, onyesha ulinganisho: uliomba kuahirishiwa mtihani ukakataliwa, mwenzako mwenye sababu kama yako akakubaliwa. Tofauti hiyo humlazimu mhusika ajieleze. Barua pepe zihifadhi nje ya akaunti ya chuo, maana akaunti inaweza kufungwa ukihitimu.

Angalia pia mlango unaobisha. Rufaa ya alama kwa kawaida hupitia idara ya taaluma, nayo mara nyingi huangalia kama usahihishaji ulifuata utaratibu. Malalamiko ya ubaguzi mara nyingi yana dawati lake. Ukiwa na yote mawili, wasilisha kotekote, kwa kuwa muda wa rufaa ya alama mara nyingi huwa mfupi na huenda usisimame kungojea uchunguzi. Omba nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.