Kilimanjaro haikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa

Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, alizaliwa Januari 27, 1859, na hapa Moshi tarehe hiyo imebebeshwa kisa kisichoihusu. Wageni wanaokuja kupanda mlima bado wanasimuliwa kuwa Malkia Victoria alimpa mjukuu wake huyo Kilimanjaro siku yake ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umepinda.

Tarehe zenyewe zinakikataa. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka huo mwaka 1886. Wakati huo Kaiser alikuwa babu yake, Wilhelm I. Mjukuu hakukalia kiti hicho hadi Juni 1888. Na mapatano yameandikwa: mstari uanzie mlango wa mto Umba, uende Ziwa Jipe, uvuke mto Lumi, upite kati ya Taveta na nchi ya Wachaga, uzunguke chini ya mlima upande wa kaskazini, kisha unyooke hadi Ziwa Victoria. Kona ya ramani ni hiyo, wala hakuna neno zawadi.

Sababu yake ni mikataba. Mwaka 1885 Karl Jühlke, mtu wa Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni Afrika Mashariki, aliwekeana mkataba na Mangi (mtawala wa Wachaga) Rindi wa Moshi, na Wajerumani wakaushikilia. Waingereza walibaki na Mombasa.

Kinachoniuma ni kwamba kisa cha zawadi kinamfuta Rindi kabisa, mtawala aliyekwisha kumpokea Mwingereza Harry Johnston mwaka 1884, kana kwamba mlima huu haukuwa na wenyewe.