Kimepimwa, sawa. Cha nani?

Jumatatu moja mwezi uliopita, saa moja asubuhi, hata chai sijamaliza, simu ikaita. "Injinia, shikamoo. Nimepata kiwanja huku Chanika, kimepimwa, bei nzuri. Nataka tu uje unionyeshe mipaka kabla sijamalizia hela."

Mimi si injinia, ni mpima ardhi, lakini hilo nimeshalizoea. Nisilolizoea ni lile neno jingine. Kimepimwa. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo mtu anaingia kwenye uwekezaji wake wa kwanza kwa neno hilo, na wote wanalitamka kama vile wanasema "kimebarikiwa".

Nikamuuliza, kimepimwa na nani?

"Mawe yapo, Injinia. Nimeyaona kwa macho yangu."

Haya, tuyazungumze hayo mawe.

Hapa Dar es Salaam "kimepimwa" ina maana si chini ya nne, na dalali huchagua ile inayomlipa siku hiyo. Ya kwanza, kuna mtu alitembea hatua 20 kwa 20 akachimbia mawe kwenye kona. Ya pili, alikuja mpima halali, akaweka bikoni, yaani mawe ya zege ya mipaka, akachukua vipimo, akaondoka, na ramani yake mpaka leo haijaidhinishwa, pengine haitaidhinishwa kamwe kwa sababu eneo halina mchoro wa mipango miji. Ya tatu, ramani imeidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, kiwanja kina namba na kitalu, ila hakijamilikishwa kwa mtu yeyote. Ya nne, kila kitu kipo, hati ipo, na hati ni ya mtu mwingine anayeishi Mwanza na hana habari kwamba anauza.

Zote nne zina mawe.

Kazi yangu ni kusema ardhi iko wapi na ina ukubwa gani. Tangu nianze kazi hii sijampa mtu umiliki, sina mamlaka hayo, na bikoni zangu hazijui jina la mtu. Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ni mdhamini wake. Unachopata wewe ni haki ya kuikalia kwa miaka 33, 66 au 99, kwa masharti. Haki hiyo hutolewa kupitia Kamishna wa Ardhi na inaandikwa kwenye daftari la Msajili wa Hati. Kwenye zege haiandikwi.

Na zege lenyewe! Mwaka juzi nilipelekwa kuhakiki kiwanja ambacho dalali aliapa kilipimwa mwaka 2009. Bikoni ya kona ilikuwa nzuri kuliko zangu: chuma kimesimama katikati, herufi na namba zimechorwa vizuri juu ya zege. Nikachuchumaa, nikaikwaruza kwa ukucha. Zege likabaki kwenye ukucha. Pembeni, majani yaliyofunikwa na udongo wa shimo yalikuwa bado ya kijani. Namba zilikuwa za kweli kabisa, zimenakiliwa kutoka kwenye kiwanja halali mtaa wa pili. Dalali akasema labda mvua ndiyo imelainisha.

Turudi kwenye hatua, maana hapo ndipo pesa nyingi za wanaoanza huyeyuka bila kelele. "Ishirini kwa ishirini" ya mita ni mita za mraba 400. Lakini dalali anatembea, hapimi, na mguu wake siku ya kuuza huwa mfupi. Hatua ya sentimita 75 inakupa mita 15 kwa 15, yaani 225. Umelipia 400. Hata ile eka ya "hatua 70 kwa 70" haikuzuka hewani: yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, na eka ni 4,840. Wazee walikuwa sahihi kwa sababu hatua yao ilikuwa yadi. Itembee hiyo hiyo kwa hatua za sentimita 70 upate mita za mraba 2,401, wakati eka ni 4,047. Kwa hiyo tepu ya mita 50 ndiyo kifaa cha kwanza cha uwekezaji. Nunua yako, usiazime ya dalali.

Halafu kuna vijana wa simu. Mtu anachukua namba zinazoonyesha mahali bikoni ilipo duniani (koodineti) kutoka kwenye ramani, anaziingiza kwenye programu, anatembea mpaka nukta inawaka, anasema ndipo penyewe. Ramani zetu nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa koodineti uitwao Arc 1960, simu inatumia mwingine, WGS 84. Ukichanganya mifumo hiyo miwili huku kwetu unapotea kama mita 300 hivi. Mteja mmoja alinipigia kwa hasira kwamba nimemuuzia uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Kwanza sikumuuzia chochote. Pili, kiwanja chake kilikuwepo, ng'ambo ya shule.

Muhuri wa mtaa nitaupitia haraka kwa sababu unanipandisha presha. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi. Anakujua, anamjua muuzaji, anaweza kusema huyu tumemkuta hapa miaka yote. Hagawi ardhi. Ile asilimia kumi ya bei anayodai, sijawahi kuonyeshwa kifungu cha sheria kinachoiruhusu, na nimeomba mara nyingi. Ukienda vijijini, Mkuranga au Bagamoyo, mambo yako chini ya Halmashauri ya Kijiji na mkutano mkuu. Mwenyekiti peke yake na daftari lake la kaunta hatoshi.

Tuseme basi ramani imeidhinishwa, hati ipo, na muuzaji ndiye mwenyewe. Bado uangalie matumizi kwenye mchoro. Nimeona watu wamenunua "eneo la wazi", lililotengwa kwa umma, lenye bikoni safi. Angalia umbali wa maji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari. Angalia hifadhi ya barabara, ule ukanda wa pembeni uliotengwa kwa ajili ya barabara, na usikariri mita 30. Kimara mpaka Kiluvya, nyumba zilizobomolewa mwaka 2017 zilikuwa ndani ya hifadhi iliyopita mita 120 kila upande wa Barabara ya Morogoro.

Na wewe unayesema "nitakinunua nikiache kipande bei", soma masharti ya hati. Kwa kawaida unapewa miezi 36 uwe umeendeleza. Kodi ya ardhi nayo inakimbia kila mwaka, umejenga au hujajenga. Je, serikali inafuta hati za wote wasioendeleza? Hapana, viwanja vya vichaka viko tele. Lakini sharti lipo, na siku likikumbukwa hutachaguliwa wewe ndiye wa kuachwa. Ukiuza kwa faida kuna kodi ya asilimia 10 ya faida hiyo. Ukipangisha, kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10. Mwenye ndoa auze kwa ridhaa ya mwenza, kwa maandishi. Hayo mwanasheria atakueleza vizuri kuliko mimi, na bei yake ni ndogo kuliko kesi.

Sasa niseme na linalonisumbua. Nimewakataza watu wengi kununua mashamba yasiyo na karatasi ya maana, na baadhi yao hawakunisikiliza, na leo wana nyumba za wapangaji wakati mimi bado nabeba mguu wa mashine ya kupimia begani. Pengine mimi ni kama daktari wa meno, naona mbovu tu. Walionunua kienyeji yakaenda salama hawanipigii simu. Tena nimewahi kuona upekuzi, yaani kuuliza rasmi kwenye daftari la Msajili kiwanja ni cha nani, ukatoka safi, mtu akalipa, kisha ikaibuka ofa ya zamani, barua ya serikali ya kumgawia mtu kiwanja, ya kiwanja kile kile kwa jina jingine. Kwa hiyo upekuzi rasmi haukupi uhakika wa asilimia mia. Naufanya hivyo hivyo, kwa kila kiwanja, kwa sababu bila huo nabaki na maneno ya dalali.

Yule wa Chanika nilimwambia sitii mguu mpaka afanye upekuzi. Alinuna, ila alienda. Baada ya wiki mbili akarudi na majibu: kiwanja kipo, ramani imeidhinishwa, hati ipo, jina si la muuzaji. Muuzaji, alipobanwa, akasema hiyo ni hati ya marehemu baba yake. Nikauliza msimamizi wa mirathi ni nani, barua ya mahakama iko wapi. Hakuna. Watoto wako wangapi? Saba, wawili hawajui kama kinauzwa. Na kishika uchumba kimeshatoka, milioni tatu, bila risiti.

Tukakaa kimya kidogo kwenye simu. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa Injinia, mipaka unakuja kunionyesha lini?"