Nairobi nayo ni ng'ambo: dhana za wanafunzi wanaotoka nchi jirani

Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam kwenda London hujiandaa kwa miezi. Hutafuta koti, huulizia bima, husoma masharti ya viza mpaka yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Anayekuja Nairobi hukata tiketi ya basi leo, kesho akapita Namanga, jioni akawa anatafuta pa kulala. Kwa jinsi ninavyoona, wanaohangaika zaidi muhula wa kwanza hapa si waliotoka mbali. Ni majirani: Watanzania, Waganda, Wakongo, Warundi, Wasudani Kusini. Wameambiwa Nairobi ni kama nyumbani, ila kuna kabaridi. Na hata hako kabaridi hawakukaamini.

Hizi ndizo dhana ninazozisikia mara kwa mara, na hali ilivyo.

"Mimi ni wa Afrika Mashariki, karatasi za nini?"

Hapa kuna ukweli nusu, na huo nusu ndio unaoponza watu. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa tu. Mtanzania hayumo katika mpango huo; yeye aje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, nayo imerahisisha mambo kwa raia wa Jumuiya. Lakini muhuri unaogongewa Namanga, Busia au uwanja wa ndege ni wa mgeni anayetembea. Hata ukipewa miezi sita, shahada ni miaka minne.

Anayesoma anahitaji pasi ya mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji. Maombi hufanywa mtandaoni, na barua ya chuo ni mojawapo ya vitu vya kuambatanisha. Halafu kuna la pili ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: mgeni atakayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kujisajili na kupata kitambulisho cha mgeni. Hicho ndicho utakachoulizwa benki, hata na askari anayekusimamisha saa tatu usiku.

Kwa hiyo wiki ya kwanza, kabla hujajua kantini iko wapi, tafuta ofisi inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Wanajua foleni za Nyayo House, makao ya Uhamiaji, kuliko binamu yako aliyesoma hapa zamani. Kisha andika mahali tarehe ambayo pasi yako itaisha. Kalenda za vyuo vya umma huteleza. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulichukua siku 49, na muhula uliotazamiwa kwisha mwezi fulani ukasogea. Muhula ukisogezwa, pasi haisogei nayo. Omba kuongezewa muda mapema.

Na kazi? Pasi ya mwanafunzi ni ya kusoma. Anayekwambia "njoo dukani kwangu ufanye kidogokidogo, hakuna atakayejua" hatakuwepo siku maafisa wa uhamiaji watakapoingia. Kuna pia ile kazi maarufu ya Nairobi ya kuwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao kwa malipo. Watu wamejenga kwayo, sikatai, lakini ni udanganyifu wa kitaaluma, na mwanafunzi ndiye mtu wa mwisho anayefaa kuonekana humo.

"M-Pesa ni M-Pesa"

Ya Vodacom Tanzania na ya Safaricom Kenya zina jina moja, lakini si pochi moja. Tangu 2015 unaweza kutumiana pesa kutoka moja kwenda nyingine, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mzazi aliye Mwanza. Lakini laini yako ya nyumbani haitalipa nauli ya matatu barabara ya Ronald Ngala wala sukuma wiki za mama mboga. Unahitaji laini ya hapa, iliyosajiliwa kwa jina lako na pasipoti yako.

Nasisitiza jina lako kwa sababu njia ya mkato iko wazi mno: mwenzako wa hosteli ana kitambulisho, akusajilie, mmemaliza. Siku simu ikiibwa utagundua kwamba laini ni yake kisheria. Yeye ndiye anayeweza kuirudisha, na karo iliyokuwa humo ni yake mpaka apende.

Mgeni hukanganywa pia na njia mbili za kulipa. Till ni ya dukani: unaweka namba na kiasi, basi. Paybill inataka namba ya biashara pamoja na namba ya akaunti, na kwa karo akaunti hiyo mara nyingi ni namba yako ya usajili chuoni. Ukikosea tarakimu moja, karo yako inaweza kuingia kwa mwanafunzi mwingine. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Ukishamtumia mtu siye uliyemkusudia, peleka ujumbe ule wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa, papo hapo, kwa sababu aliyepokea akishazitoa, kazi inakuwa nyingine.

Kisha kuna wale wa "samahani, nimekutumia elfu tatu kimakosa, nirudishie". Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, si kwa namba ya simu ya mtu. Usibishane naye. Angalia salio lako kwanza, na kama kweli zimeingia, mwambie aombe kurudishiwa kupitia Safaricom.

"Chuo kiko mjini, nitapanga mjini"

Chuo kipi, na kampasi ipi? Chuo Kikuu cha Nairobi kimetapakaa. Kampasi kuu iko pale katikati, sayansi ziko Chiromo, mifugo na kilimo ziko Kabete, na udaktari uko jirani na Hospitali ya Kenyatta. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa kwenye barabara ya Thika, JKUAT, chuo cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia, iko Juja, ambako si Nairobi tena bali ni Kaunti ya Kiambu. Strathmore iko Madaraka. Nimejua mtu aliyelipa kodi ya miezi miwili Rongai, upande mwingine kabisa wa jiji, kwa sababu ilikuwa rahisi, na masomo yake yako barabara ya Thika. Huyo alikuwa akiona darasa la saa mbili asubuhi kwenye picha za wenzake.

Sasa nyumba yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiko pesa za mgeni huishia. Usilipe kitu kwa nyumba uliyoiona kwenye picha tu. Picha zinaweza kuwa za kweli na nyumba ikawa ya kweli, ila anayepokea pesa haimhusu. Fika mwenyewe, au mtume mtu unayemwamini. Na ukifika, nenda jioni, watu wakiwa wamerudi kazini, si saa nne asubuhi jengo likiwa kimya.

Kabla ya kutazama chumba, tazama korido. Ukiona mitungi ya lita 20 imepangwa nje ya kila mlango, umeshajibiwa swali la maji, hata keateka (msimamizi wa jengo) aseme nini. Nairobi hugawiwa maji kwa zamu, mtaa huu siku hizi, mtaa ule siku zile, na jiji hutegemea sana bwawa moja, Ndakaini. Kinachotofautisha jengo na jengo ni ukubwa wa tangi na kama mwenye nyumba ana kisima. Ukiambiwa kipo, vizuri, oga nayo, fua nayo. Ya kunywa tafuta mengine, kwa sababu visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, ile inayoacha meno ya kahawia.

Ingia ndani, fungua mfereji, washa taa, vuta maji ya choo. Shika simu yako katikati ya chumba uone kama mtandao unafika. Kisha tafuta mita ya stima, yaani umeme. Kama ni ya KPLC, kampuni ya umeme, moja kwa moja, unanunua tokeni mwenyewe kwa bei ya kila mtu. Kama ni mita ndogo ya mwenye nyumba, yenye paybill yake, bei ya uniti anaweza kuwa ameipanga yeye. Mtu wa kukueleza ni jirani wa mlango wa pili. Muulize, "Tokeni ya mia tano hukaa siku ngapi hapa?" Akicheka kabla ya kujibu, rudia hesabu zako.

Amana ya mwezi mmoja ni kawaida. Cha kawaida pia, kwa bahati mbaya, ni kukatwa pesa za rangi ukihama. Siku ya kuingia piga picha kuta, sinki, kitasa cha mlango, umtumie keateka kwenye WhatsApp ili tarehe ibaki. Dai risiti ya kila malipo. Kama amana lazima, waliokaa wanne katika nyumba ya vyumba viwili huumia kidogo kuliko aliyekimbilia bedsita, chumba kimoja cha kujitegemea, peke yake, ila chagua watu kabla ya kuchagua nyumba.

"Nitauliza nauli ni ngapi, nikariri"

Utakariri bei ya saa nne asubuhi. Nauli ya matatu hupanda asubuhi watu wakienda kazini, hupanda jioni wakirudi, na mvua ikigusa lami hupanda tena kabla hujafungua mwavuli. Muulize makanga (kondakta) kabla ya kupanda, si ukiwa umeshakaa. Namba ndizo za kushika: 46 ni ya Kawangware, 111 ni ya Ngong, 125 ni ya Rongai, na Githurai yenyewe ina pande mbili zinazoitwa kwa namba za magari yake, 44 na 45.

Simu isionekane dirishani. Gari likisimama kwenye foleni, mkono hupita kwenye kioo kilichofunguliwa nusu, simu ikaenda, na mwenye mkono anatembea tu kama mtu aliyesahau kitu. Na basi la masafa likikufikisha mjini saa tisa usiku, kaa ndani ya ofisi ya kampuni hiyo mpaka kupambazuke. Wenyeji pia hufanya hivyo.

"Ikweta ni joto"

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni mpaka Agosti mawingu hukaa kutwa, na usiku huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Nyumba hazina vipasha joto. Sweta nzito na blanketi utazipata masoko ya Gikomba au Toi kwa bei ya mitumba, usizibebe kutoka nyumbani. Ila usiingize jiko la makaa chumbani ukafunga dirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu, na kila msimu wa baridi huua watu waliolala wakiota moto.

Baridi hiyo hiyo ndiyo inayofanya malaria iwe nadra jijini, na hapo pana mtego. Ukitoka likizo Kigoma au Goma, homa ikakupata Nairobi wiki mbili baadaye, mwambie daktari ulikotoka. Asipojua, anaweza kudhani ni mafua ya Julai.

"Mgeni akiugua, kwanza pesa"

Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Imesema mtu, haikusema raia. Hiyo ni kwa dharura. Bili huja baadaye, kwa hiyo bima bado ni ya lazima kichwani mwako. Usifuate ushauri wa kaka aliyesoma hapa miaka ya nyuma akakuambia utafute kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani. Ilifungwa, na tangu Oktoba 2024 mambo hayo yako chini ya mamlaka mpya ya afya, SHA. Uliza chuo karo yako inalipia nini kwenye zahanati yao, na inaishia wapi.

"Kiswahili kitanibeba"

Sokoni, kwenye matatu, kwa keateka, ndiyo. Kitakupa hata marafiki, kwa sababu Wanairobi hupenda kumsikia Mtanzania akiongea. Darasani ni Kiingereza tangu mhadhara hadi mtihani, na kundi la WhatsApp la darasa ni Sheng. Usijifanye umeelewa. Wakiandika kwamba CAT (jaribio la darasani) imesogezwa, uliza wazi ni lini na wapi, hata ukichekwa.

Na kazi ulizosahihishiwa zitunze. Ugonjwa wa vyuo vyetu ni alama kupotea: unafanya mtihani, matokeo yanatoka na pengo mbele ya jina lako, na wa kuthibitisha kwamba ulikuwepo ni wewe. Kila unaposaini orodha ya mtihani, hakikisha umesaini kweli. Anayeenda kufuatilia mwaka wa pili hukuta kila kitu. Anayengoja wiki ya mahafali hukuta mhadhiri amehama chuo.

Vidogo vya kwenye begi

Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017, kwa hiyo viatu vyako vifunge kwenye kitambaa. Wanaotoka Burundi na Kongo waje na adapta, maana soketi za hapa ni za pini tatu bapa. Wanaotoka nchi zenye homa ya manjano wabebe ile kadi ya chanjo mkononi, si ndani ya sanduku lililo chini ya basi. Na kama mjomba alikuhifadhia noti za Kenya za siku nyingi, zitazame kabla ya kumshukuru: noti ya 1,000 ya toleo la zamani ilikoma kuwa pesa baada ya Septemba 30, 2019. Zile nyingine za zamani, za 50 mpaka 500, dukani bado zinapokelewa.