Je, wajua? Mbona stenti za moyo zinapakwa dawa, na zinatofautiana aje

Mjomba wangu wa Kondele hapa Kisumu alipata mshtuko wa moyo akawekewa stenti, na siku alirudi nyumbani alitoa kadi ndogo kwa waleti akaiweka kwa meza kando ya chai. Imeandikwa everolimusi, ambalo ni jina la dawa, halafu 3.0 x 24. Akaniuliza, kwani hii chuma iko na dawa, na mbona yangu ni hii na si ingine? Nilikaa na hilo swali wiki nzima, huyu mzee nampenda na nilitaka kumjibu vizuri.

Hizo namba ni upana milimita 3 na urefu milimita 24, basi. Stenti yenyewe ni kabomba ka wavu wa chuma, inaingizwa kupitia mshipa wa mkono ama wa paja ikiwa imekunjwa juu ya baluni, wakifika pale mshipa wa moyo umebana baluni inajazwa, wavu unafunguka, baluni inatolewa na chuma inabaki hapo maisha. Za kwanza ziliwekwa watu 1986 zikiwa chuma tupu. Sasa mwili unaona chuma kama kidonda unaanza kuotesha nyama juu yake, na kwa wagonjwa kama 2 ama 3 kati ya 10 mshipa ulibana tena baada ya miezi tu.

Ndio wakaanza kupaka dawa ya kuzuia hiyo nyama. Marekani ilikubali stenti inaitwa Cypher 2003, yenye dawa ya sirolimusi, dawa iliyotoka kwa bakteria ya udongo wa kisiwa cha Rapa Nui huko Chile (hii ilinishangaza sana), halafu Taxus 2004 yenye paklitakseli, hiyo asili yake ni gome la mti. Kubana kulipungua sana. Lakini dawa ilichelewesha pia ile ngozi laini ya ndani ya mshipa kufunika chuma, na plastiki iliyoshika dawa ikabaki ikiudhi mshipa, kwa hivyo kwa watu wachache damu iliganda ndani ya stenti hata baada ya mwaka.

Zilizofuata, kama ya mjomba, waya ni nyembamba: Cypher ilikuwa milimita 0.14, hizi za everolimusi ni kama 0.08, karibu unene wa unywele, na plastiki inakubaliana na mwili zaidi. Kuna stenti kama Synergy na Orsiro, plastiki yao inaisha yenyewe ikibaki chuma, BioFreedom haina plastiki kabisa. Absorb ilikuwa ya kuyeyuka yote, nilidhani hiyo ndio ingeshinda, Marekani ikaikubali 2016 na 2017 ikatolewa sokoni, waya yake ilikuwa nene na damu iliganda zaidi.

Mimi naona kati ya hizi za kisasa tofauti ni ndogo, kubwa ni kumeza tembe za kuzuia damu isigande, aspirini na klopidogreli pamoja, kawaida miezi 6, na mwaka kwa mtu alipata mshtuko kama yeye, mpaka daktari wa moyo aseme vingine. Mzee alikuwa ameanza kuruka klopidogreli ati kifua hakiumi tena! Nilimchorea ile chuma kwa karatasi, nikamwonyesha pale bado haijafunikwa na damu inaweza kushika. Saa hii pakiti inakaa kando ya kikombe chake, na juzi akienda kung'olewa jino Nakuru alitoa ile kadi kabla hata akae kwa kiti.